Saa ya Ukutani na Ila Iliyomo Ndani Yake

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku kuufuata mchana, na akaufanya wakati kuwa amana mikononi mwa waja wake. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, mlio hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani, najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zenu na katika biashara zenu. Mara nyingi tunamtambua mcha Mungu kwa alama iliyo katika paji la uso wake. Leo nataka tumtazame anapouza kitu.

Khutba hii imetokana na suali. Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, alinijia kijana mmoja wa mtaa wetu. Akanipa shikamoo, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Shekhe, nina jambo dogo.” Nami nimekwisha kujua kwa umri wangu huu kwamba mtu akisema ana jambo dogo usiku, basi si dogo.

Babu yake alikuwa amefariki, akaacha katika nyumba yake saa ya ukutani ya zamani. Zile zenye sanduku refu la mbao, mlango wa kioo, na pendulumu, yaani ule ufito wenye duara la shaba chini yake, unaobembea kulia na kushoto. Dalali alikuwa amemletea mnunuzi, mgeni apendaye vitu vya kale, naye akataja shilingi laki sita. Mama wa kijana yu mgonjwa, na fedha zinahitajika. Lakini saa ile ni mbovu. Ukiitia ufunguo inakwenda robo saa, pengine dakika 20, kisha inasimama. Na ikigonga, hugonga saba hali akrabu inaonyesha nne.

Kijana akasema: “Shekhe, mnunuzi atakuja kesho saa nne asubuhi. Nikiitia ufunguo kabla hajafika, ataikuta inakwenda. Sidhani kama ataniuliza, wala mimi sitasema uongo. Nikinyamaza tu, nina dhambi?”

Nimelipenda suali lile, kwa sababu wengi wetu tungeitia ufunguo bila ya kumwuliza mtu.

Saa hizi si kitu kigeni katika pwani yetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi kuta za vyumba vya wakubwa wa Unguja zilivyopambwa kwa vioo vikubwa na saa za namna mbalimbali. Wala Waislamu hawakuwa wageni wa elimu ya saa. Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha ufundi mwaka 1206, na humo mna saa za maji za ajabu. Ibn al-Shatir alikuwa mtazamaji wa nyakati katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, naye akaweka katika mnara wake saa ya jua mwaka 1371. Hii yenye pendulumu ilibuniwa na Mholanzi, Christiaan Huygens, mwaka 1656. Mwenyezi Mungu humpa elimu amtakaye.

Nalitaka kumjibu kijana kwa kujua, nikaenda siku ya pili mapema kuiona saa yenyewe, nami nikamchukua mzee mmoja fundi saa anayeswali nasi. Alifungua mlango wa kioo, akaing'oa pendulumu, akautoa uso wa saa, akatuonyesha. Kwa nje saa ni nzuri. Mbao imepakwa vanishi mpya, shaba imesuguliwa hata inang'aa, na uso umepanguswa. Ndani ni mambo mengine. Mafuta ya miaka mingi yameganda yakawa kama gundi. Matundu ya bamba la shaba, ambamo ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka, yameliwa yakawa mapana upande mmoja, hata meno ya gurudumu hayakutani sawasawa na ya jirani yake. Ule ukanda mwembamba wa chuma unaoishika pendulumu juu umepinda. Kamani ya kuendeshea ingali nzima, lakini ile ya kugongea si ya asili. Imetiwa ya saa nyingine.

Fundi akatufunza jambo ambalo mimi sikulijua. Pendulumu yenye urefu wa kiasi cha robo mita, ukiizidisha urefu kwa milimita moja tu, saa itachelewa karibu dakika 3 kila siku. Milimita moja! Joto likipanda, chuma hurefuka, na saa huchelewa. Kwa hiyo chini ya duara la shaba huwekwa kijiskurubu cha kulipandisha na kulishusha. Ukilipandisha saa huharakia, na ukilishusha huchelewa.

Sasa fikirini, ndugu zangu, kama mnunuzi angekuwa mmoja wetu, na saa hii angeitundika nyumbani mwezi wa Ramadhani. Ikiharakia kwa dakika 3 kila siku, baada ya siku 4 iko mbele kwa dakika 12. Watu wa nyumba ile wafungue saumu kwa kuitegemea hali jua halijatua, kisha ibainike. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii itawalazimu kuilipa siku ile. Nani aliyewatia katika hasara hiyo? Ni yule aliyejua akanyamaza.

Nikarudi kwa kijana na suali lake. Nikamkumbusha kisa ambacho wengi mmekisikia tangu chuoni. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akaona fungu la nafaka. Akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamwuliza mwenye nafaka ni nini hiki, naye akajibu kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu, watu waione; kisha akabainisha kwamba mwenye kufanya udanganyifu hayumo pamoja naye.

Kisa hiki tumekisikia sana hata tumezoea kukipita upesi. Tukisimamie kidogo. Yule mtu hakuimwagia maji nafaka yake. Mvua ilitoka kwa Mwenyezi Mungu. Hakusema uongo pia, kwani alipoulizwa alijibu kweli, na hatukuelezwa kwamba aliwahi kumwambia mnunuzi yeyote kuwa nafaka yake ni kavu. Kosa lake lilikuwa katika mpango wa fungu: kavu juu, mbichi chini. Ulimi wake ulikuwa salama, na mkono wake ndio uliodanganya. Na saa yetu ni hivyo hivyo. Kijana hakuiharibu, miaka ndiyo iliyoila. Vanishi mpya ndiyo nafaka kavu iliyowekwa juu. Na kule kuitia ufunguo dakika 10 kabla ya mnunuzi kufika ni uongo uliosemwa na mkono.

Kijana akainamisha kichwa. Akasema, “Lakini shekhe, hatauliza.”

Nikamweleza habari ya Sahaba Wathila bin al-Asqa', Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Mtu alinunua ngamia jike, akatoka naye. Wathila akamfuata mbio, nguo yake ikiburura, hata akamfikia. Akamwuliza kama amebainishiwa yaliyomo katika mnyama yule. Mnunuzi akasema: kuna nini kwake, naye anaonekana amenona na mzima? Wathila akamwuliza anamtaka kwa safari au kwa nyama. Akasema anamtaka kwa safari ya Hija. Hapo Wathila akamfahamisha kwamba ukwato wake una tundu. Mwenye ngamia akachukiwa, akaona kuwa biashara yake inaharibiwa. Wathila akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): si halali kwa mtu kuuza kitu bila ya kubainisha yaliyomo, wala si halali kwa mwenye kuyajua kuyanyamazia.

Tazameni suali lile, kwa safari au kwa nyama. Tundu katika ukwato si kitu kwa mtu wa nyama, bali ni kila kitu kwa mtu wa Hija. Saa nayo ni hivyo. Wako wanaoitaka wapate kujua wakati, na wako wanaoitaka iwe pambo la ukuta tu, wala hawajali kama inakwenda. Mwenye kuuza yampasa aulize, aeleze, kisha amwachie mnunuzi apime mwenyewe.

Na tazameni pia kwamba Wathila, kama kisa kilivyopokewa, hakuwa mwenye mali. Alikuwa mwenye kujua tu. Kwa hiyo neno hili linawafikia madalali na mafundi. Dalali anayejua kuwa saa ni mbovu na akaisifu kwa mnunuzi, ujira wake umeingia shaka. Na fundi aliyeitazama saa akaijua, kisha akaulizwa na mnunuzi, hana ruhusa kusema, “Mimi nimo katika mafuta tu.” Mzee wetu fundi aliposikia maneno haya alicheka, akasema kwamba kwa miaka mingi amewahi kuambiwa na wenye saa atengeneze kiasi cha kwenda siku mbili, na hakuna aliyemweleza kwa nini ni siku mbili.

Hapo kijana akapata njia nyingine, kama vijana wanavyopata. Akasema, “Basi nitamwambia: nauza kama ilivyo. Atakubali, na mimi nitakuwa nimesalimika.”

Ndugu zangu, mlango huu wa “kama ilivyo” unapitiwa na watu wengi. Twauona katika magari, katika viwanja, katika simu, na siku hizi picha hutumwa na chini yake huandikwa maneno hayo mawili, na muuzaji analala usingizi. Tumsikilize Abdullahi bin Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye na baba yake. Aliuza mtumwa, katika zama zile, kwa dirhamu 800, kwa sharti ya kutoulizwa ila. Baadaye mnunuzi akadai kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakafika mbele ya Khalifa, Sayyidna Uthman. Khalifa hakusema: sharti ni sharti, nendeni. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiijua ila ile. Ibn Umar akakataa kuapa, akakubali kurudishiwa. Kisha mtumwa akapona kwake, akamwuza dirhamu 1,500.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameyatazama hayo, wakasema kwamba sharti ya kutoulizwa ila humfaa muuzaji katika ila iliyojificha ndani ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Kwa sababu mnyama hula na kunona, na ugonjwa wake usionekane. Ama vitu vingine, na ama ila ambayo muuzaji anaijua, sharti hiyo haimwokoi. Kijana anajua kuwa saa yake husimama baada ya robo saa. Amekaa mbele yake akaihesabu. “Kama ilivyo” ya mtu asiyejua na “kama ilivyo” ya mtu aliyehesabu dakika ni mambo mawili mbalimbali.

Na mnunuzi akiigundua ila iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakubainishiwa, ana khiari ya kurudisha na kupewa fedha zake. Lakini khiari hiyo nayo ina adabu yake. Yampasa arudishe papo hapo ajuapo. Mtu aliyeikuta saa imesimama siku ya kwanza, kisha akaitundika miezi sita wageni waione, halafu akaja kudai, amekwisha kuipoteza haki yake ya kurudisha.

Tena niliambiwa, na aliyeniambia si kijana bali ni mtu mzima mwenye ndevu, kwamba mnunuzi huyu ni mgeni, huenda hata si Mwislamu, na kwamba yeye anazo fedha nyingi. Subhanallah! Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiitwa Mwaminifu na makureshi kabla ya kupewa utume, nao hawakuwa Waislamu. Na usiku aliohama kwenda Madina alimwacha Sayyidna Ali nyuma yake arudishe amana za watu wa Makka, watu wale wale waliokuwa wakitaka kumwua. Je, saa yetu ina heshima gani mpaka tuitolee hukumu nyingine?

Sitaki kumwacha mnunuzi. Yuko mnunuzi anayeingia katika nyumba ya mjane, akaiona saa ukutani, akalisoma jina lililo chini ya uso wake, akajua papo hapo kwamba ni saa yenye thamani, kisha akakunja uso, akasema, “Hii ni takataka, lakini nitakuondoshea mzigo.” Huyu naye ametia kavu chini na mbichi juu. Sahaba Jarir bin Abdillahi aliletewa farasi aliyenunuliwa na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Akamtazama, akamwendea muuzaji mwenyewe, akamwambia kuwa farasi wake ana thamani zaidi ya hiyo. Akampandishia bei, akampandishia tena, mpaka akamlipa 800. Walipomstaajabia, alisema alimpa ahadi Mtume (S.A.W.) ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Sisemi kwamba kila mnunuzi yamlazimu kupandisha bei. Hilo ni daraja ya Jarir. Nasema kwamba kukiita kitu takataka hali unajua si takataka, ni uongo, na mjane ataushitaki siku ambayo hapana dalali.

Tena jihadharini na saa zilizochanganywa. Fundi ametueleza kwamba zipo saa ambazo sanduku lake ni la zamani kweli, lakini ndani mmetiwa mtambo mpya wa betri, na pendulumu inabembea kwa pambo tu, haiendeshi kitu. Zipo ambazo mtambo umetoka saa moja na sanduku limetoka nyingine. Kuziuza si haramu, maadamu umesema. Ukimwuzia mtu betri kwa jina la kamani ya babu, umeuza jina.

Na mtu akikwambia, “Nainunua, kwa sharti uitengeneze,” msifanye mambo mawili kwa mkataba mmoja, kwani katika madhehebu yetu kuuza kitu kwa sharti muuzaji akifanyie kazi ni katika mambo yanayobatilisha mauzo. Itengeneze kwanza, kisha iuze kwa bei ya saa nzima; au iuze kwa bei ya saa mbovu, kisha mpatane ujira wa matengenezo mbali.

Limebakia jambo ambalo nililiuliza mwisho, na lingefaa niliulize mwanzo. Nikamwambia kijana, “Mwanangu, saa hii ni ya nani?” Akasema, “Ya babu.” Nikamwambia, “Babu amekwisha kufa. Sasa ni ya nani?” Akanyamaza. Ikabainika kwamba marehemu ameacha mjane, na mtoto mwanamume mmoja, ambaye ni baba wa kijana, na binti mmoja aliyeolewa Pemba. Binti yule hajaambiwa neno lolote juu ya saa. Baba ndiye aliyemwambia mwanawe aiuze, kwa sababu imo katika nyumba anayokaa yeye.

Basi tulifanya hesabu pale pale barazani. Marehemu hakuwa na deni wala wasia. Mjane ana thumni. Katika saba zilizobaki, mwanamume anachukua mafungu mawili na binti fungu moja. Saa haigawiki kwa msumeno, kwa hiyo huuzwa kwa ridhaa ya wote, na fedha ndizo zinazogawanywa. Mmoja akiuza bila ya ridhaa ya wenziwe, ameuza fungu lake tu, na mafungu ya wenziwe hayamo katika mauzo hayo. Na mara ngapi tumeona dada ananyimwa haki yake kwa kuambiwa kuwa kilichouzwa kilikuwa kibovu tu, hakikufika bei! Kijana akainuka, akampigia shangazi yake simu mbele yangu. Shangazi alilia kidogo, kwa sababu sauti ya saa ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alipokuwa mtoto. Kisha akaridhia iuzwe, na fungu lake akamsamehe wifi yake apate dawa.

Saa nne mnunuzi akafika. Saa haikutiwa ufunguo. Kijana alikuwa ameandika katika karatasi yote aliyoyataja fundi: mafuta, matundu, ukanda uliopinda, kamani ya kugongea isiyokuwa ya asili, na kwamba husimama baada ya robo saa. Mnunuzi aliisoma, akaisoma tena, akauliza maswali, akaomba radhi, akaenda zake. Zile laki sita zikaondoka pamoja naye, na baba wa kijana hakufurahi. Kwa siku tatu hakunijibu salamu vizuri.

Baada ya siku chache akaja mtu mwingine, Mwislamu wa mji huu huu, anayefungua mkahawa. Akapewa karatasi ile ile. Akasema yeye hataki saa ya kujulia wakati, kwani kila mtu ana simu mfukoni. Anataka iliyo kimya, wateja wasisumbuke. Wakapatana kwa shilingi laki tatu na nusu. Thumni ya mjane akakabidhiwa mwenyewe, na yaliyobakia yakaenda katika matibabu. Ile karatasi mnunuzi aliikunja, akaitia ndani ya sanduku la saa, nyuma ya pendulumu, ikiwa siku moja naye atataka kuiuza.

Nasema maneno yangu haya, nami ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.